Nina digrii, naendesha boda ya mtu, na sijui naamkia nini

Mwezi huu nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu zimenifikia nyingine nyingi zinazofanana nayo, kutoka Jinja, Mbale, Arua na Kampala yenyewe, na karibu wote walioziandika hawajafika miaka 30. Majina nimeyaacha, kama kawaida yetu.

Mama, habari za siku nyingi. Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Busia, ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili; nyumbani tulikisema kuliko lugha ya baba. Nilimaliza digrii ya biashara mwaka 2021. Nikapata kazi katika ofisi moja hapa Kampala kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Mara ya nne hawakuurudia, na mshahara wa miezi miwili ya mwisho sijauona mpaka leo. Sasa naendesha boda karibu na Kalerwe. Pikipiki si yangu, nampelekea mwenyewe shilingi 10,000 kwa siku, iwe mvua iwe jua. Mchana nakula kikomando, chapati na maharage. Jioni naandika daftari la akiba ya steji, kijiwe chetu cha boda, kwa sababu wenzangu hawapendi kuandika, halafu narudi chumbani nalala.

Mwaka 2024, vijana wa Kenya walipoingia bungeni mwezi wa Juni na muswada wa fedha ukaondolewa, na sisi tukaona yawezekana. Tarehe 23 Julai nikatoka kuandamana kupinga ufisadi. Sikufika popote. Nilikamatwa kabla sijaliona Bunge, nikalala mahabusu usiku sita. Nilipotoka, pikipiki ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, nikaanza upya kutafuta. Rafiki zangu wawili wa chuo wako Dubai, mmoja analinda ghala. Mama yangu anauza samaki mpakani na anaamini bado niko ofisini. Nimesoma, nimefanya kazi, nimeandamana, na hakuna hata kimoja kilichoshika. Nikiamka asubuhi sijui naamkia nini. Je, nirudi Busia, niende kyeyo, vibarua vya ng'ambo, kama wenzangu, au niendelee kupigania nchi? Na maisha yangu ni ya nini hasa?

Wa steji, Kampala

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama penye mstari mmoja ambao wewe umeupita mbio. Nitaurudia. Kwanza nikueleze ninakotoka, upate kujua kwa nini umenigusa.

Nilizaliwa Walukuba, Jinja, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Walukuba ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Mtaa wetu ulikuwa na Wasamia, Wajaluo, Waacholi, Wagisu, pamoja na Wasoga wenyewe, na bombani tulielewana kwa Kiswahili. Umeme ulitoka bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na viwanda vikaufuata umeme. Baba aliendesha mashine ya kufuma katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilimpa mshahara, kikampa nyumba, kikampa heshima, kikampa hata saa ya kuamka, maana king'ora kikilia mtaa mzima unainuka. Yote hayo yalitoka mlango mmoja. Wewe ulipokwenda chuo uliahidiwa mlango kama ule, na sikulaumu kwa kuamini. Mimi niliuona ukiwa wazi.

Nikauona ukifungwa. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke, na baada ya hapo mashine ikikosa spea moja inalala mwezi mzima. Kufikia 1977 baba alikuwa na zamu siku mbili kwa wiki, na mshahara wote unaishia kwenye sukari na sabuni, zikipatikana. King'ora kikanyamaza. Baba aliendelea kuamka saa kumi na moja, akavaa ovaroli, akaenda kusimama getini na wanaume wenzake. Hakuna aliyewaita. Saa nne walirudi wakitembea pamoja, polepole, kama watu waliotoka zamu. Nilikuwa msichana wa miaka 16 na nililitazama jambo hilo kila asubuhi. Njaa tuliizoea sote. Kilichomkausha baba ni lile geti.

Kaka yangu alifuata njia nyingine, magendo. Wazee wako wa Busia watakusimulia. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, bei ikapanda duniani kote, na kahawa ya Uganda ikawa inavuka usiku kwenda Kenya, kupitia kwenu Busia na kule Chepkube chini ya Mlima Elgon. Hata jina la hiyo boda yako lilizaliwa kwenye baiskeli za huko mpakani. Kaka alishika pesa ambazo baba hakuwahi kuziota. Lakini aliishi kwa neno moja: "Ngoja mambo yatulie." Yakitulia atajenga, atarudi shule, ataoa. Akangoja Amin aondoke, akaondoka Aprili 1979. Akaja Lule, akakaa siku 68. Akaja Binaisa, akarudi Obote, akaja Okello, na Januari 1986 akaja Museveni. Mei 1987 fedha zikabadilishwa, shilingi 100 za zamani kwa moja mpya, na juu yake ikakatwa asilimia 30. Nilisimama naye kwenye foleni. Kwa kila milioni aliyoibeba kwenye gunia alipewa shilingi 7,000. Alikuwa na miaka 30, karibu sawa na wewe, na ile miaka kumi aliyoiweka pembeni haikuwa kwenye gunia wala mahali pengine popote.

Sikusimulii haya ili kukutisha. Barua yako imejaa kungoja, ingawa neno lenyewe hujalitumia. Digrii ishike, halafu uanze kuishi. Mkataba ushike, nchi ishike, halafu uanze kuishi.

Mimi niliokolewa na kola ya shati. Wakombozi walipoingia Jinja mwaka 1979, sisi wa Walukuba tulishangilia kwamba askari wa Tanzania wanasema lugha yetu; niliwaomba chumvi kwa Kiswahili, wakanipa. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda kukaa barazani kwa fundi cherehani, jirani yetu. Madukani hakukuwa na kitambaa. Kazi iliyokuwepo ni kugeuza kola.

Kola huisha pale inapokunjwa, nyuma ya shingo, nyuzi nyeupe zinatokeza kama ndevu za mzee. Unachukua wembe, unaufumua mshono unaoishika shingoni, tundu moja baada ya jingine, maana ukikata kitambaa umemaliza shati la mtu. Unakung'uta vumbi la nyuzi, unapiga pasi ya mkaa, kisha unaigeuza, upande uliochakaa ulale chini na upande mzima utazame juu, halafu unairudisha katika mshono uleule. Ikishonwa vizuri hata mkewe hatambui. Siku moja alikuja mwalimu wa shule ya msingi mwenye shati moja tu la kazi. Ilikuwa Jumamosi jioni. Alilivua akaliacha, akafunga koti vifungo vyote kifuani kusiko na kitu, akaniambia, "Binti, Jumatatu shule zinafunguliwa, naingia darasani." Nilikuwa na miaka 18. Nchi haikujua rais wake atadumu wiki ngapi. Mimi Jumapili ile nilijua kabisa naamkia nini: kola ya mwalimu.

Sasa ule mstari wako. Umesema unaandika daftari la akiba ya steji kwa sababu wenzako hawapendi kuandika. Mwanangu, hawapendi kuandika, au wamekuchagua wewe? Waendesha boda wa Kalerwe hawampi mtu yeyote tu pesa zao. Wanajua ni nani kati yao hali pesa ya mwenzake, na wamekukabidhi kalamu. Umeandika jambo hilo katikati ya kikomando na kulala, kama kitu kisicho na uzito, kwa sababu halikuja na barua ya ajira. Mimi naona hilo ndilo kola yako.

Na kwa kuwa hesabu umesomea, tupige hesabu. 10,000 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni 260,000. Kwa miezi 20 ni milioni 5 na laki 2. Hizo zinakaribia bei ya pikipiki mpya, na wewe huna hata tairi lake. Steji yenu wako wangapi wanaoendesha pikipiki za watu? Tuseme kumi. Waanze upatu wao, kashi raundi kama mnavyoiita, mbali na ile akiba ya kawaida, kila mmoja 5,000 kwa siku. Kwa siku moja ni 50,000, kwa mwezi ni milioni 1 na laki 3, na mwezi wa nne pikipiki ya kwanza inanunuliwa. Aliyeipata haachi kuchangia. Ile 10,000 aliyokuwa akimpelekea tajiri anaiongeza kwenye mchango wake, na ya pili inakuja mapema kuliko ya kwanza. 5,000 ikiwa nzito anzeni na 2,000. Mtachelewa, lakini mtafika. Andikeni mapatano, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aweke sahihi, na kadi ya kila pikipiki ikae kwa kikundi mpaka wa mwisho apate yake. Wapigieni kura wa kushika pesa wawili, na wewe usiwe mmoja wao. Wewe shika kalamu tu, ndivyo watakavyoendelea kukuamini. Kuhusu wale wanaokopesha pikipiki kwa malipo ya kila wiki, kabla hujaweka sahihi zidisha kiasi cha wiki kwa wiki zote za mkataba, uone umeuziwa pikipiki ngapi kwa jina la moja.

Usiache kuomba kazi za ofisini. Tenga siku moja ya wiki kwa hilo, na usimpe mtu yeyote pesa akuahidi kazi. Lakini ile ofisi iliyokunyima mishahara miwili isikwambie tena wewe ni nani.

Maandamano usiyajutie. Mlikuwa na sababu. Mwaka 2023 sote tuliona mabati ya watu maskini wa Karamoja yakigawanywa kwa wakubwa mpaka mawaziri wakapandishwa kizimbani. Kijana anayeliona hilo akakaa kimya nyumbani ndiye angenitia hofu zaidi. Lakini jua ukubwa wa kazi uliyoigusa. Tangu tarehe 9 Oktoba 1962 nchi hii haijapata rais aliyemkabidhi mwenzake madaraka kwa amani baada ya kushindwa kwa kura. Mzigo wa miaka yote hiyo uliutaka utue kwa siku moja ya Julai, na haukutua, ukajiona wewe ndiye uliyeshindwa. Umeuliza kama uendelee kupigania nchi. Nami nakuuliza: kati ya uliolala nao mahabusu, nani bado ana kesi? Siku ya kesi yake nenda ukakae kwenye benchi la mahakama akuone. Na uchaguzi wa LC1 ukija, usiudharau. Julai 2018, baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa vijiji, tulipanga mistari nyuma ya wagombea, kila mtu akionekana amesimama wapi, na mtaani kwetu mama muuza mkaa alimshinda mtu mwenye gari. Tangu siku hiyo taka zetu zinazolewa.

Kurudi Busia au kwenda kyeyo ni maswali ya riziki. Yajibu kwa hesabu kama hizi tulizopiga, na lolote utakaloona linalipa si aibu.

Limebaki la mama yako. Mwanamke anayeamka alfajiri kuuza samaki mpakani, aliyezungukwa na pikipiki siku nzima, anaijua harufu ya petroli kwenye shati la mwanawe. Nadhani anajua tayari, anasubiri umheshimu kwa kumwambia. Nenda mwenyewe, si kwa simu, na ukienda chukua lile daftari umwonyeshe.

Na jambo hili nalisema kwa uzito wote: ikiwa kutojua unaamkia nini kunafika mahali pa kutotaka kuamka kabisa, usikae nako peke yako chumbani hata usiku mmoja. Mwambie mwenzako wa steji, kisha mwende pamoja kituo cha afya. Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, nayo iko hapo hapo Kampala, na inawahudumia watu wenye akili timamu waliochoka, sio wale tu ambao watu huwataja.

Mama, mimi ni msichana wa miaka 23, naishi Kisenyi. Nina cheti cha upishi, nimeosha vyombo hotelini mwaka mzima bila kupika hata chai. Kuna wakala anataka milioni moja na nusu anipeleke Saudia kuwa kadama, mtumishi wa ndani, na anasema nisiulize maswali mengi, nafasi zinajaa. Niende?

Binti yangu, huyo usimpe hata shilingi. Anayekukataza kuuliza ameshakujibu.

Kwenda Saudia si kosa, wako waliokwenda wakasomesha wadogo zao. Kampuni za kupeleka watu nje hupewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii; nenda uulize jina la kampuni, sio jina la wakala. Usisafiri kwa viza ya matembezi. Mkataba uusome kabla ya kupanda ndege, uwe na jina la mwajiri, mji, mshahara na siku ya kupumzika, na nakala yake, pamoja na nakala ya pasipoti, iachwe kwa mtu wa nyumbani anayejua kusoma. Wakati unafuatilia hayo, weka sigiri na meza hapo Kisenyi asubuhi. Kisenyi ina wabeba mizigo wasiohesabika na wote wanakunywa chai. Mwaka mzima umeosha sufuria za vyakula vya wengine. Nataka uonjwe mkono wako kwanza, kabla hujaupeleka kwa watu.

Dada yangu, salaam. Mimi ni askari mstaafu, naishi Bombo. Niliingia msituni kupigana upande wa Museveni mwaka 1982 nikiwa na miaka 19. Mwanangu wa mwisho alikuwa Makerere, akawa mfuasi wa Kyagulanyi, yule Bobi Wine wa upinzani, kofia nyekundu na kila kitu. Novemba 2020 mwenzake wa chumba alipigwa risasi mjini akafa. Alinipigia simu analia, nami nikamwambia wanaocheza na moto huungua. Tangu siku hiyo hanijibu. Nasikia hana kazi, anahama chumba hadi chumba. Nifanye nini arudi kwenye njia?

Afande, kaka yangu, asante kwa kuandika neno lenyewe ulilolisema. Wazazi wengi wangelificha.

Zile siku mbili za Novemba, watu walipoandamana kwa kukamatwa kwa Kyagulanyi, waliuawa watu 54, na hesabu hiyo serikali yenyewe iliitoa. Mwanao alikuwa na kitanda kitupu mbele ya macho yake, akampigia baba yake. Hakukupigia kama mfuasi wa mtu.

Unauliza arudi kwenye njia ipi? Februari 1981, Museveni na wenzake waliposhambulia kambi ya jeshi ya Kabamba, walikuwa na bunduki 27, na watu wazima wengi waliwaita wendawazimu. Mwaka uliofuata, kijana wa miaka 19 aliwafuata msituni kwa sababu hakuona namna nyingine ya kuishi akijiheshimu. Nadhani baba yake naye alisema maneno mazito. Yule kijana unamfahamu kuliko mimi. Sisemi mwanao achukue alichochukua yule. Nimeona vita vya kutosha na simtakii mtoto yeyote. Nasema lile lililomtoa nyumbani unalitambua kwa harufu, na ndiyo maana linakutia hofu.

Usimtumie ujumbe wa siasa, wala wa pesa kwanza. Mtafute kupitia dada yake au rafiki, mwambie mvua za Machi zinakuja na paa la jikoni linavuja, unahitaji mtu wa kupanda juu. Akija, mpande wote wawili. Mkishuka, mmeketi, mwombe radhi kwa lile neno la simu, kwa maneno machache, kama askari. Kisha mwulize habari za yule mwenzake wa chumba: jina lake nani, alikuwa wa wapi, walikutanaje. Ya msituni usimsimulie siku hiyo. Nyamaza mpaka amalize, hata chai ikipoa.